Kulisha watu saba vyakula halisi kwa shilingi 14,000 kwa siku: nimejaribu nikashindwa, naomba ushauri

MamaWanne_Mbagala:

Habari za jioni ndugu zangu.

Ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu, mama mkwe na watoto wetu wanne, ambao mkubwa yuko darasa la saba na mdogo ana miezi 14. Mume wangu ni fundi ujenzi, kwa hiyo kipato chake hupanda na kushuka. Mimi nimeajiriwa katika duka la vitambaa Kariakoo. Ninatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa moja na nusu usiku. Baada ya kodi, nauli na mahitaji ya shule, kinachobaki kwa ajili ya chakula ni wastani wa shilingi 14,000 kwa siku, na humo humo mkaa unatakiwa.

Miezi michache iliyopita mtoto wangu wa tatu alipimwa akakutwa na upungufu wa damu, na mama mkwe akaelezwa kliniki kwamba shinikizo lake la damu liko juu na kwamba apunguze chumvi. Nilichukua daftari nikaandika kila tulichokula kwa wiki nzima, na nilichokiona kilinisikitisha sana. Asubuhi ni chai ya rangi na maandazi mawili kwa kila mtu, isipokuwa mtoto mdogo. Andazi ni shilingi 200, hivyo shilingi 2,400 huondoka kila siku kabla hatujafanya lolote. Mchana ni tambi au wali wenye mchuzi uliokolezwa kwa kiungo cha unga cha pakiti, pamoja na juisi ya unga inayokorogwa kwa maji na sukari. Usiku ni ugali wa sembe na maharage kidogo, na siku ambazo nimechoka ni soseji. Mboga za majani zilionekana mara mbili tu katika wiki ile, na matunda mara moja.

Niliamua kubadilisha kila kitu kwa pamoja. Nilinunua kilo 25 za unga wa dona, nikanunua maharage, dagaa na ulezi, nikaacha maandazi na juisi za unga. Miezi miwili baadaye nimerudi karibu nilikoanzia, kwa sababu unga wa dona uliingia uchungu na kupata wadudu kabla haujafika nusu, maharage yakamaliza mkaa wa siku tatu kwa siku moja, na watoto wakakataa dagaa wakisema ni wachungu na wana mchanga. Mama mkwe, ambaye ndiye anayepika mchana, alivumilia sana, lakini naye alichoka.

Siombi orodha ya vyakula vyenye lishe, kwa kuwa hiyo imebandikwa ukutani kliniki na nimeisoma mara nyingi nikiwa kwenye foleni. Ninachoomba ni kujua ninyi wenye kipato kama changu mnanunuaje, mnahifadhije na mnapikaje, hadi chakula cha namna hii kikawa cha kila siku nyumbani kwenu. Natanguliza shukrani.


MzeeWaNafaka:

Mwanangu, pole kwa yaliyokukuta, na hongera kwa kuandika daftari, kwa kuwa wengi wetu hatujui fedha ya chakula inaishia wapi hadi tuione kwa wino. Nimeuza nafaka sokoni Tandale kwa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nitazungumzia nafaka tu na mengine nitawaachia wanaoyajua.

Kosa lako halikuwa kuchagua dona, bali kununua unga. Punje ya mahindi ikiwa nzima, mafuta yaliyomo kwenye kiini chake yamefungiwa ndani; ikishasagwa, mafuta hayo hukutana na hewa, na kwa joto la Dar es Salaam hayachukui wiki nyingi kabla ya kuchacha na kuleta ule uchungu uliouonja. Sembe hukaa muda mrefu dukani kwa sababu kiini na ganda vimekwisha kuondolewa, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitamini, mafuta mazuri na makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula. Mahindi yanapokobolewa, robo ya uzito wake au zaidi hubaki mashineni kama pumba, ambazo mwisho wake ni chakula cha kuku na ng'ombe. Wewe unalipia mahindi yote, unalipia kukoboa, kisha unapeleka nyumbani pungufu.

Kwa hiyo nunua mahindi, usinunue unga. Watu saba, mmoja wao akiwa mtoto mdogo, hutumia takriban kilo moja na robo ya unga kwa ugali wa usiku, na hivyo mahitaji yako ya mwezi hayafiki kilo 40. Peleka mashineni mahindi ya siku kumi tu, yaani kama kilo 12, na unga ukirudi uutandaze upoe kabisa kabla ya kuufunika, kwa sababu unga uliofunikwa ukiwa na joto la mashine hutoa unyevu na kuharibika upesi. Mahindi yaliyobaki yatakungoja bila shida ikiwa ni makavu na yamehifadhiwa vizuri. Mahindi ya Iringa, Njombe, Ruvuma, Rukwa na Mbeya huanza kumiminika sokoni kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, na bei hulegea. Kuanzia Desemba hadi Machi mwenye fedha kidogo huumia. Anayeweza kununua debe mbili au tatu za ziada wakati wa mavuno hujipunguzia mzigo huo wa mwisho wa mwaka.

Hata hivyo lipo jambo ambalo wapenzi wa dona hawalisemi, na mimi sitalinyamazia. Fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu huzalisha sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika, hata ugali uchemke kiasi gani. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2004 wenzetu wa mashariki mwa Kenya walipoteza watu 125. Sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa huipunguza, ilhali dona huileta yote mezani. Maana yake ni kwamba dona la mahindi mazuri ni bora kuliko sembe, na sembe ni salama kuliko dona la mahindi mabovu. Usinunue mahindi kwa kutazama juu ya gunia pekee. Mwombe muuzaji aingize bambo, ile chuma yenye uwazi ya kutolea sampuli, katikati ya gunia, utazame punje zinazotoka humo na uzinuse. Chukua punje chache uziume: kavu hupasuka kwa sauti, mbichi hubonyea. Ukitaka uhakika zaidi, tia punje kwenye chupa ya kioo iliyo kavu pamoja na chumvi kavu, utikise kwa dakika chache na kuiacha itulie; chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana unyevu. Ukifika nyumbani yapepete, kisha keti na watoto mchambue punje zilizovunjika, nyepesi, na zenye rangi ya kijani, nyeusi au waridi, na hizo msiwape hata kuku.

Kuhusu wadudu, dumuzi ndiye adui mkubwa wa mahindi yaliyohifadhiwa, na huko vijijini wengine humwita Scania. Ipo mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ambayo huuzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ukiufunga vizuri, wadudu waliomo hukosa hewa na kufa bila dawa yoyote. Tahadhari ni moja tu: usitie humo mahindi yenye unyevu, na usiufungue kila siku. Weka matumizi ya kila siku kwenye ndoo yenye mfuniko.

Jambo la mwisho ni namna ya kupata fedha ya kununua kwa wingi, kwa sababu najua huna akiba ya gunia. Wapo wanamama sita wa Manzese walionunua maharage kwangu kwa miaka mingi kwa njia ya upatu. Badala ya kupeana fedha, walichanga kila wiki, wakanunua gunia la kilo 100 kwa bei ya jumla, wakagawana kilo 16 na ushee kila mmoja. Yule anayenunua robo kilo kila jioni gengeni hulipa bei kubwa kuliko wote mjini, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote. Hilo limekuwa likiniuma tangu nilipoanza biashara hii.


Muuguzi_Moro:

Dada, pole kwa kuuguza. Nianze na mtoto aliyekutwa na upungufu wa damu: chakula kizuri hakichukui nafasi ya dawa aliyoandikiwa, kwa hiyo amalize dozi yote na arudishwe kupimwa. Aidha hakikisha amechunguzwa minyoo na malaria, kwani mtoto anaweza kulishwa vizuri sana na bado akapoteza damu kwa sababu hizo.

Upande wa chakula, madini chuma yaliyomo kwenye maharage na majani hufyonzwa kidogo mwilini, tofauti na yale ya nyama, maini na samaki. Jambo linaloweza kubadilisha hali hiyo halina gharama kubwa. Vitamini C ikiwa kwenye mlo huo huo huongeza ufyonzwaji wa madini hayo, na chai ikinywewa pamoja na mlo huupunguza. Kwa maneno mengine, maharage yenye kachumbari iliyokamuliwa ndimu, yakifuatiwa na kipande cha papai au chungwa, yanamfaa mtoto huyo kuliko maharage yale yale yakisindikizwa na chai ya rangi. Chai isogezwe mbali na mlo kwa angalau saa moja. Hapo hapo utapata nafasi ya kuacha juisi ya unga: nunua ubuyu mweupe, si ule uliopakwa rangi na sukari, uuloweke, uukoroge na kuuchuja, nawe utakuwa na kinywaji chenye vitamini C nyingi na kalisi (kalsiamu), na sukari utatia kwa kipimo chako mwenyewe. Ukwaju nao huburudisha vilevile.

Naomba niongeze jambo ambalo mzee hakuligusa. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi yetu zimeagiza unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani, pamoja na mafuta ya kula, viongezewe virutubishi, yakiwemo madini chuma na foliki asidi kwenye unga na vitamini A kwenye mafuta. Mahindi unayosaga mtaani hayana nyongeza hizo. Hilo lisikurudishe nyuma, lakini lina maana kwamba ukihamia dona ni lazima maharage na majani ya kijani yawepo kweli mezani, kwa kuwa foliki asidi utaipata humo. Dona na mchuzi wa nyanya pekee havitoshi. Vivyo hivyo, katika hamasa ya vyakula vya asili wapo wanaoacha chumvi ya pakiti na kununua chumvi ghafi ya mawe. Usifanye hivyo. Chumvi yenye madini joto ibaki jikoni kwako, hasa ukiwa na watoto, ila ipunguzwe.

Kwa ajili ya mama mkwe, chumvi inayomdhuru huenda haitoki kwenye kijiko. Viungo vya mchuzi vya pakiti na soseji vina chumvi nyingi iliyofichika, na mtu anaweza kuacha kuongeza chumvi mezani huku akiila yote kwenye mchuzi. Mchuzi uliokaangwa kwa kitunguu hadi kikabadilika rangi, ukatiwa kitunguu saumu, tangawizi, bizari, karoti iliyokunwa na nyanya zilizoiva sana hautahitaji kiungo hicho. Mimina ndimu mwishoni, kwa sababu uchachu humfanya mlaji asihisi upungufu wa chumvi.

Majani usiyachemshe na kumwaga maji, wala usitie magadi ili yalainike, kwa kuwa magadi huharibu vitamini. Onyo hilo ni la maharage pia. Mchicha, matembele na majani ya maboga yanatosha kukaangwa dakika chache yakiwa na maji yake ya kuoshea. Kisamvu peke yake kina sheria tofauti: kitwangwe sana, kichemshwe muda mrefu sufuria likiwa wazi ili sumu yake itoke na mvuke, ndipo kiungwe kwa nazi au karanga.

Kuhusu mtoto wa miezi 14, tafadhali usinunue unga wa lishe uliochanganywa nafaka kumi na usiojua umesagwa lini. Ulezi pekee una kalisi nyingi kuliko nafaka nyingine tunazokula. Saga ulezi uliouosha na kuukausha, upike uji mzito, kisha utie kijiko cha karanga ulizozichambua, kuzikaanga na kuzisaga wewe mwenyewe. Tatizo la uji wetu ni kwamba tukitaka mtoto aumeze tunauongeza maji, na tumbo lake dogo hujaa maji. Bibi zetu walikuwa na jibu: kimea. Ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, ukitiwa kijiko kidogo kwenye uji mzito uliopoa kiasi, huulainisha ndani ya dakika chache bila kuongeza maji. Kisha uurudishe motoni uchemke kidogo ndipo apewe. Ukitumia soya, ni lazima uichemshe nusu saa, uimenye na kuianika kabla ya kuisaga, kwani soya mbichi humsumbua mtoto tumbo na kuzuia protini isisagwe mwilini.


MamaPacha_Tabata:

Mama mwenzangu, mimi nilikuwa kama wewe miaka minne iliyopita, natoka usiku na kurudi usiku, na ninaamini kilichokushinda ni moto na muda kuliko kitu kingine chochote. Maharage yanayopikwa kila jioni kutoka ukavu ni anasa, ingawa yanaitwa chakula cha maskini.

Ninavyofanya ni hivi. Ijumaa usiku naloweka kilo mbili za maharage kwenye maji mengi. Jumamosi asubuhi namwaga maji yale, natia mapya na kuyapika yote kwa pamoja, kwa kuwa mkaa unaoivisha robo kilo hauzidiwi sana na mkaa unaoivisha kilo mbili. Maharage lazima yachemke kwa nguvu, yakitoa mapovu, kwa dakika 20 hivi, kwa sababu maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo peke yake hauiondoi. Baada ya hapo nalifunika sufuria, naliingiza ndani ya kapu kubwa nililolijaza nguo chakavu na blanketi kuukuu, nalifunga juu na chini hadi mvuke usitoke, kisha naenda kufua. Baada ya saa nne nalikuta bado lina moto na maharage yamelainika. Yanahitaji kuchemka tena nusu saa au pungufu ya hapo. Nyanya na ndimu havitiwi hadi maharage yaive, kwa sababu vikitangulia huyafanya yakaze. Yakishaiva nagawa kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja na kuviweka kwenye friza. Jioni nikirudi ninaunga tu, dakika 15 zimetosha. Ikiwa huna friza, pika kilo moja kwa siku mbili, na kinachobaki kichemshwe vizuri usiku na asubuhi, kwa kuwa joto letu halisamehi maharage yaliyolala bila kuchemshwa.

Maharage si lazima yawe yale ya njano yanayopendwa na kila mtu. Choroko na kunde huiva upesi zaidi, na choroko ukizipika pamoja na mchele ukapata mseto, umepika sufuria moja kwa moto mmoja, na wazee huupenda. Mbaazi za nazi asubuhi na mhogo wa kuchemsha zitakushibisha hadi saa nane mchana, jambo ambalo maandazi hayajawahi kunifanyia.

Asubuhi ndiyo ningekushauri uanze nayo, na mengine uyaache kama yalivyo kwa sasa. Wewe ulibadilisha milo mitatu kwa siku moja, na familia nzima ikahisi imeadhibiwa. Nunua mihogo, viazi vitamu, magimbi au maboga, kulingana na kilicho rahisi siku hiyo, uvimenye na kuvikata usiku, uvifunike kwa maji, na alfajiri vichemke wakati unaoga. Ukipata viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani, vichukue, kwa kuwa vina vitamini A nyingi na watoto huvipenda kwa utamu wake. Wapeleke watoto hivyo wiki tatu bila kubadilisha mlo mwingine, kisha ndipo uhamie kwenye ugali.


Shangazi_Mwanza:

Nimesoma hadi kwenye dagaa nikaumia moyo, kwa sababu nimekulia Mwanza na nimeanika dagaa tangu nikiwa binti. Dagaa hawana kosa. Wachungu na wenye mchanga ni wale walioanikwa chini kwenye mchanga wa ufukweni, wakanyeshewa au wakachelewa kukauka, kisha wakasafirishwa kwenye gunia kwa siku nyingi. Walioanikwa juu ya chanja hung'aa kama fedha, hawana vumbi, na ukivunja mmoja hukatika bila kupindika. Wakiwa na rangi ya njano au wekundu wa kutu, mafuta yao yamekwisha kuharibika, na hapo hakuna ndimu itakayokuokoa. Wanuse kabla ya kulipa. Dagaa wa Kigoma ni wazuri sana na ni wasafi, lakini bei yao ni ya juu, kwa hiyo kwa fedha uliyoitaja tafuta wa Mwanza walioanikwa vizuri au dagaa wa baharini ambao hapo Dar es Salaam mko karibu nao.

Namna ya kuwasafisha ndiyo siri yote. Ondoa vichwa pamoja na utumbo mweusi unaoshikana navyo, kwani uchungu uko hapo. Ni kazi ya kuchosha, lakini watoto wawili wakikaa nayo Jumapili wanaimaliza. Watie kwenye maji ya vuguvugu, uwachote kwa juu ukiacha mchanga ukizama, urudie hadi maji ya chini yawe meupe. Waanike tena juani au wakaange bila mafuta kwenye kikaango hadi wakauke, na hapo ndipo harufu kali itatoka. Kisha wapike kwa kitunguu na nyanya nyingi, utie karanga za kusaga au tui, umalizie kwa ndimu. Wengine uwasage kuwa unga laini, uuhifadhi kwenye chupa yenye mfuniko, na kijiko kimoja kiingie kwenye mboga za majani na kwenye chakula cha yule mdogo. Mifupa ya dagaa huliwa yote, kwa hiyo mtoto anapata kalisi, protini na madini chuma kwa mara moja, na kilo moja hutoa milo mingi kuliko kilo moja ya nyama.

Ninatofautiana kidogo na Mama Pacha. Wiki tatu za kungoja kabla ya kugusa mlo mwingine ni nyingi mno kwa mtoto mwenye upungufu wa damu. Asubuhi ibadilishwe kwanza, sawa, lakini kijiko cha unga wa dagaa kwenye mchicha kinaweza kuanza leo hii, wala hakuna atakayekiona.


MamaWanne_Mbagala:

Shikamoo mzee wangu, shikamoo shangazi, nanyi dada zangu nawashukuru kutoka moyoni. Imepita wiki tano tangu mliponijibu, na sikutaka kurudi mikono mitupu.

Nilianza na asubuhi. Mihogo au viazi vitamu vya shilingi 2,000 vinatutosha sote, na siku nyingine kinabaki kipande cha mtoto anayerudi shule mchana. Kiasi kinachookolewa hapo si kikubwa, lakini juisi za unga, soseji na viungo vya pakiti tulivyoacha vimelipia mboga za majani kila siku na matunda mara nne kwa wiki, hasa ndizi mbivu na papai. Kapu la Mama Pacha linafanya kazi. Mama mkwe hakuliamini hata kidogo, akalifungua mara mbili kutazama, na mara ya tatu akaliacha, na sasa yeye ndiye anayewaeleza majirani. Matembele tumeyapanda kwenye viroba vitano nyuma ya nyumba, kwa mashina tuliyopewa na jirani bila malipo. Unga wa dagaa umo kwenye mchicha tangu siku ile, na mtoto wangu wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa akilalamika zaidi, aliomba aongezewe. Mtoto wa tatu alirudishwa kupimwa wiki iliyopita. Damu imeongezeka, na tunaendelea na dawa kama tulivyoelekezwa.

Upatu wa maharage tumeuanza tukiwa wanne, tukanunua gunia la nusu. Nimebakiwa na swali moja kwa mzee. Mahindi niliyanunua makavu, nikayachambua vizuri, lakini unga uliotoka mashineni una harufu ya mafuta na una chembechembe nyeupe kama za sembe, na nilipouliza niliambiwa ndivyo ulivyo. Je, nifanye nini?


MzeeWaNafaka:

Marahaba mwanangu, umenifurahisha sana. Hizo chembe nyeupe ni unga wa aliyekutangulia, uliobaki ndani ya mashine. Ikiwa naye alichambua mahindi yake hakuna shida, lakini hujui. Nenda asubuhi mashine inapofunguliwa, na uombe kilo moja ya kwanza ya mahindi yako isagwe kando ili isafishe njia. Unga huo upeleke kwa mwenye kuku, kwa sharti kwamba hauna harufu mbaya. Harufu ya mafuta inatoka kwenye vinu vilivyopata joto kupita kiasi au kwenye grisi inayovuja, nayo si ya kuvumilia: shika unga ukiwa unatoka, na kama unachoma mkono, mwombe apunguze kasi ya kumimina au utafute mashine nyingine. Kabla ya kuanza, mkumbushe pia akuwekee chekecheo la dona, kwa sababu wengi huacha lile la sembe likiwa limefungwa, na ndilo linalofanya mashine ihangaike na mahindi yasiyokobolewa.